Mkono Mmoja Haulei Mwana: Serikali, Mzazi na Shule ya Watoto Wadogo Nchini Burundi



Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii bila shaka umekwisha kuisoma darasani, na huenda umeiandikia insha. Leo nakuomba uitoe daftarini na kuipeleka Ryansoro, katika vilima vya Gitega, katikati ya nchi ya Burundi. Huko watu huishi kwa jembe: maharage, mihogo, viazi vitamu na migomba. Mtoto wa mkulima anapotoka nyumbani asubuhi kwenda shule kwa mara ya kwanza, ni nani anayemshika mkono? Ni serikali inayomlipa mwalimu, ama ni mzazi aliyemlea? Tena, mmoja wao akiuachia mkono huo, je, aliyebaki anaweza kumfikisha peke yake?

Swali hili lina historia ndefu, nasi hatuwezi kulijibu pasipo kuipitia historia hiyo.

Kabla ya shule kufika, mtoto wa Kirundi alifundishwa kando ya moto. Jioni mkubwa alitamka "Sokwe!" na watoto wakaitikia "Niruze!", kama vile sisi tusemavyo "Kitendawili!" na kujibiwa "Tega!" Ndipo mafumbo yakaanza. Kwa mafumbo hayo mtoto alijifunza kuhesabu, kulinganisha, kukumbuka na kungoja zamu yake ya kusema. Warundi wana methali isemayo "Uburere buruta ubuvuke", maana yake malezi hushinda kuzaliwa. Yaani, ukoo mwema haumtoshi mtoto asiyelelewa. Kwa hiyo usidhani kwamba elimu ya watoto wadogo ililetwa na wageni. Wageni walileta jengo, kalamu na kengele.

Hata jina la jengo hilo linatueleza habari. Neno letu "shule" limetokana na Kijerumani, na Warundi nao husema "ishure". Wamisionari wa Kikatoliki waliojulikana kama Mapadri Weupe walianzisha misheni ya Mugera, katika eneo la Gitega, mwaka 1899. Utawala wa Wajerumani uliufanya mji wa Gitega, ambao wao waliuandika Kitega, kuwa makao yake mwaka 1912, na ulitumia Kiswahili katika shughuli zake. Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, waliiacha elimu kwa sehemu kubwa mikononi mwa misheni, kisha wakawa wanazipa misheni hizo ruzuku. Zingatia jambo hili: fedha za umma zilikuwepo, lakini mzazi hakuwa na kiti mezani. Aliombwa kumtoa mtoto, hakuombwa kutoa shauri.

Hata hivyo, vilimani ilikuwepo shule ya namna nyingine, iliyojulikana kwa jina la Yaga Mukama. Humo makatekista walifundisha dini pamoja na kusoma na kuandika kwa Kirundi, karibu na nyumbani, kwa gharama ndogo. Watoto wengi waliokosa nafasi katika shule za serikali walizijua herufi kwa njia hiyo. Katika miaka ya 1980 utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, uliokuwa na mgogoro mkubwa na Kanisa, ulizifunga. Shule ile ilikuwa duni, lakini ilikuwa karibu, na ukaribu ni mali kwa mtoto wa miaka sita.

Tusiidhulumu serikali katika masimulizi haya. Mwaka 1973 nchi ilianza mageuzi ya kufundisha shule ya msingi kwa Kirundi. Yatafakari mageuzi hayo kwa jicho la mzazi: kwa mara ya kwanza mama asiyejua Kifaransa aliweza kumwuliza mwanawe amejifunza nini, naye akalielewa jibu. Kisha, mwaka 1982, ukaletwa utaratibu wa zamu mbili. Kundi moja la watoto husoma asubuhi, jingine mchana, katika chumba kilekile. Idadi ya wanafunzi iliongezeka sana katika muongo ule. Lakini kila neema ina gharama yake: muda wa kila mtoto pamoja na mwalimu ulipungua, na aliyeumia zaidi ni mtoto mdogo, ambaye ndiye mwenye haja kubwa ya muda huo.

Mwezi Oktoba mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikatumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mkoa wa Gitega ulikuwa miongoni mwa mahali palipoumia mno. Shule zilichomwa, walimu na wanafunzi waliuawa, familia zilikimbilia kambini na ng'ambo ya mpaka. Sisemi haya ili kufufua uchungu. Nayasema ili ujue kwamba, mkataba wa amani ulipotiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, palikuwapo wazazi wengi ambao wenyewe walikuwa wamekatizwa masomo. Hao ndio tunaowataka leo wasimamie daftari la mtoto.

Tarehe 26 Agosti 2005 Rais Pierre Nkurunziza aliapishwa, na siku hiyohiyo alitangaza kwamba ada ya shule ya msingi imefutwa. Uganda ilikuwa imekwisha kufanya hivyo mwaka 1997, Tanzania mwaka 2001, na Kenya mwaka 2003. Shule zilipofunguliwa mwezi Septemba, takriban watoto nusu milioni walifika kuandikishwa darasa la kwanza. Madarasa hayakutosha, madawati hayakutosha, walimu hawakutosha. Lakini wale watoto walikuja, na kuja kwao kulithibitisha kwamba wazazi maskini hawakuwa wameikataa elimu. Walikuwa wameshindwa kuilipia.

Hapo ndipo mkono wa pili ulipohitajika. Warundi wana desturi iitwayo ikibiri: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao au kumjengea nyumba, kesho wakaenda kwa mwingine. Ni ndugu wa msaragambo wa Watanzania na wa harambee ya Wakenya. Katika miaka iliyofuata, kazi za jamii za siku ya Jumamosi zilitumika kujenga vyumba vya madarasa nchini kote. Wazazi walifyatua matofali, wakabeba mawe na maji. Vivyo hivyo katika mpango wa chakula shuleni, unaoendeshwa na serikali pamoja na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani katika sehemu kadhaa za nchi, Gitega na Muyinga zikiwemo: chakula hupatikana kwa fedha za umma na za wafadhili, lakini kuni, maji na mikono ya kupika hutoka kwa wazazi.

Je, ada ilipofutwa, mtoto wa Ryansoro alifunguliwa mlango wote? La. Msamaha ule ulianzia darasa la kwanza. Shule ya chekechea, ambayo kwa Kirundi huitwa ishure y'incuke, ilibaki nje ya uzio. Jina hilo ni zuri mno: incuke ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Ni mtoto aliyetoka kifuani mwa mama, lakini hajafika mikononi mwa mwalimu. Kwa muda mrefu shule hizo zimekuwa chache, nyingi zikiwa mijini au zikitegemea michango ya wazazi, makanisa na mashirika. Matokeo yake ni kwamba watoto wawili huketi kwenye dawati moja siku ya kwanza. Mmoja ameshika kalamu kwa miaka miwili, na mwingine anaishika leo. Mtaala huwahesabu kuwa sawa. Tena, tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, mtoto huyo hukutana shuleni na lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Kule Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, huenda amekisikia Kiswahili sokoni. Ryansoro kwa wengi ni lugha ngeni kabisa.

Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 40 za Marekani kwa ajili ya kuboresha ujifunzaji katika madarasa ya mwanzo nchini Burundi, kwa mradi uitwao Twige Neza, maana yake "tujifunze vizuri". Ni ishara kwamba mwanzo wa safari umeanza kutazamwa. Lakini fedha za mradi zina siku ya kwisha, na haki ya mtoto haina.

Basi historia hii inatufundisha nini sisi raia? Katiba ya Burundi ya mwaka 2005 ilisema kwamba kila raia ana haki sawa ya kupata elimu, na kwamba serikali ina wajibu wa kuandaa elimu ya umma. Wajibu huo haupungui kwa sababu mzazi ana bidii. Mahali mzazi anapojenga darasa, serikali inadaiwa mwalimu. Anapoleta kuni, inadaiwa chakula cha kupika. Ushirikishwaji wa wazazi ukiwa na maana ya michango tu, huo ni ada iliyobadilishwa jina, na mtoto wa mjane ndiye atakayerudishwa nyumbani.

Kwa upande wa pili, serikali haiwezi kumtegea mtoto kitendawili jioni. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kumhesabisha mtoto maharage, kumsimulia hadithi na kumwuliza mambo ya shuleni. Tena anaweza kuketi katika kamati ya shule na kuuliza fedha zilizopokelewa zimetumikaje. Huko kuuliza nako ni kulea.

Nakuachia neno moja, mwanafunzi wangu. Methali haikusema kwamba mikono miwili hulingana. Imesema tu kwamba mmoja hautoshi. Kuanzia mwaka 1899 hadi leo, kila mara mmoja ulipofanya kazi peke yake, mtoto alikuwa ndiye aliyeanguka.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya "mchango" na "ada". Je, mchango wa lazima ni mchango?
2. Toa mfano wa desturi ya kusaidiana katika jamii yako inayofanana na ikibiri. Imewahi kutumika kwa ajili ya shule?
3. Mwandishi anasema kwamba kuuliza matumizi ya fedha za shule ni kulea. Kubali au kataa kwa aya mbili.