Tabia: Njema Sana

Babu yangu aliacha sanduku la bati, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni cheti chake cha kuachishwa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wa hapa Madaba wanaliita Keya tu. Kimeandikwa nambari yake, urefu wake, kovu la shavuni, na mstari mmoja wa Kiingereza unaompa maksi: tabia njema sana. Mzee alikuwa amefika Burma na kurudi. Kiingereza hakukijua, hivyo aliitunza ile karatasi miaka mingi bila kujua inamsemaje, hadi baba alipopata elimu ya kutosha kumsomea. Baba anasema mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Basi? Ni hayo tu?"

Keya ilikuwa na mizani yake. Maafisa wa Kiingereza waliamini kuna makabila yaliyozaliwa kwa ajili ya vita, kwa hiyo kijana alianza kupimwa hata kabla hajashika bunduki. Akishaingia, cheo chake kilitegemea pendekezo la afisa wake: utii, paredi, shabaha, usafi wa buti. Kama angeweza kuongoza kompania, hilo halikuwa na uzito, kwa kuwa jibu lisingempeleka popote. Mwafrika aliishia kwenye usajenti meja. Katika miaka ya 1950 kikabuniwa cheo cha effendi, ili apande kidogo bila kumfikia luteni wa Kizungu.

Mtu aliyepanda ngazi hiyo vizuri kuliko wengi ni Idi Amin. Aliingia Keya mwaka 1946. Mrefu, mwenye nguvu, bingwa wa ndondi, akipewa amri haulizi. Mwaka 1959 akawa effendi. Mwaka 1961 akawa luteni, mmoja wa Wauganda wawili wa kwanza kupata kamisheni. Mwaka uliofuata askari aliowaongoza walituhumiwa kuwaua wafugaji wa Kiturkana. Gavana Walter Coutts alitaka ashtakiwe, lakini uhuru ulikuwa mlangoni, na Milton Obote akaona karipio linatosha. Sidhani kama maafisa waliomsifu walidanganya. Waliona kile walichokuwa wakikitafuta.

Kwetu, waliopimwa waliichoka mizani. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, vikosi vya Keya vilibadilishwa jina vikawa Tanganyika Rifles, lakini maafisa wengi walibaki Waingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo sasa ni Lugalo, waliwakamata maafisa wao. Walidai Waingereza waondoke, na mshahara wa shilingi 105 kwa mwezi upande hadi 260. Kesho yake Tabora nao wakaasi. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza, walioitwa na Serikali yetu wenyewe, waliyazima maasi hayo. Aibu hiyo Mwalimu Nyerere hakuificha.

Jeshi likavunjwa, na Septemba 1964 JWTZ ikazaliwa. Mrisho Sarakikya, kijana aliyesomea Sandhurst, akawa mkuu wake bila kusubiri ngazi moja baada ya nyingine. Askari wapya wengi walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Sasa mtu alipimwa pia kwa imani yake kwa chama. Hapo nakiri nasitasita: huo nao ni utii, umebadilishwa anwani tu. Lakini angalau mlango wa uafisa ulikuwa wazi, na aliyekupima mlisemezana naye kwa Kiswahili.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia Kagera. Mgambo wakaitwa nchi nzima. Baba yangu mdogo alipandia lori hapa hapa barabarani, kwenye njia kuu ya Njombe na Songea, msimu wa kupanda mahindi ukiwa umekaribia. Shamba likabaki kwa babu. Mzee alikuwa akisikiliza redio kila jioni, na jina la Amin lilipotajwa alitikisa kichwa: "Huyo ni mtu wa Keya. Cheti chake lazima kilikuwa kizuri kuliko changu."

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Baba mdogo alirudi salama. Mwaka juzi nilimuuliza kama naye alipewa karatasi. Alicheka. Alipewa, alisema, ila aliificha kwenye dari, mchwa wakaimaliza.