Kinanda cha Bahati Nasibu na Swali la Wapare

Miongoni mwa watu wanaotengeneza muziki kwa kompyuta kuna desturi moja ya kiungwana. Mtunzi wa programu, au mpenzi wa muziki mwenye leseni ya ziada, hutoa zawadi ya sintesaiza, yaani kinanda kisicho na mbao wala vibao vya kugusika, kinachokaa ndani ya kompyuta na kuunda sauti kwa hesabu. Wanaokitaka huandikisha majina kabla ya siku iliyotajwa. Majina hupewa namba, namba moja huchaguliwa kwa bahati nasibu, na mshindi hutumiwa ufunguo wa leseni. Kijana aliyeko Same mjini, mwenye kompyuta ya mkononi na bando la intaneti, huingia katika bahati nasibu hiyo kwa nafasi ile ile aliyo nayo mwenzake wa Berlin au Osaka.

Msomaji anaweza kuona kwamba jambo hili ni dogo mno kuandikiwa historia. Lakini kujua nani anamiliki ala ya muziki, na aliipata kwa kanuni gani, ni kujua nani ana sauti katika jamii. Katika nchi yetu swali hilo lina historia ndefu, na Milima ya Pare inatupa kipimo cha kulijibia.

Tuanze na neno lenyewe. Kinanda, katika Kiswahili cha mwambao, kilikuwa jina la ala ya nyuzi. Baadaye jina hilo likahamia kwenye ala za vibao zilizokuja na makanisa. Upareni misheni zilifika mapema. Wasabato, kwa mfano, walianza kazi yao Pare ya Kusini mwaka 1903. Katika makanisa ya milimani, kama kwingineko nchini, kinanda kilikuwa mali ya usharika. Mpigaji alikitumia kwa idhini, na alipohama kijiji alikiacha nyuma.

Baada ya uhuru, mfumo wa namna hiyo ulitawala muziki wa dansi. NUTA Jazz ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Jeshi la Kujenga Taifa, polisi na umoja wa vijana walikuwa na bendi zao. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ikajulikana kama DDC Mlimani Park. Magitaa, ngoma na vipaza sauti vilikuwa vya taasisi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Utaratibu huo uliwapa wasanii wengi mshahara na ala ambazo wasingeweza kuzinunua, hasa katika miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini aliyegombana na uongozi aliondoka mikono mitupu.

Wakati huohuo, huko Marekani, Robert Moog alikuwa ameunda sintesaiza yake ya kwanza mwaka 1964. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, iliuzwa karibu dola 1,500. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, iliyotokana na uvumbuzi wa John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, iliuzwa karibu dola 2,000. Kwa mwanamuziki wa Tanzania wa wakati ule, bei hizo zilikuwa sawa na kuambiwa kwamba chombo hicho hakipo duniani.

Mwaka huohuo wa 1983 lilitokea jambo lililosifiwa kidogo kuliko ala zenyewe. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, wakishirikiana na viwanda vingine, waliuleta hadharani mfumo wa MIDI, ambao ni lugha moja ya kuziwezesha ala za kielektroniki kuelewana. Hawakudai malipo kwa wanaoutumia. Kiwanda chochote kingeweza kuufuata, na hadi leo kinanda cha bei ndogo kinachouzwa Kariakoo huzungumza lugha hiyo na programu iliyoundwa Ulaya.

Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilitangaza utaratibu wake wa VST, na ulipopanuliwa mwaka 1999, ala nzima ziliweza kuishi ndani ya kompyuta. FruityLoops, iliyoundwa Ubelgiji, ilitoka katika miaka hiyohiyo. Hapa kwetu biashara ilikuwa imelegezwa masharti tangu katikati ya miaka ya 1980, na studio binafsi zikachipua Dar es Salaam. Master J wa MJ Records na P-Funk Majani wa Bongo Records ni majina ambayo historia ya bongo fleva haiwezi kuandikwa bila kuyataja. Hapo umiliki ukahama tena. Mwenye kompyuta alikuwa mwenye studio. Msanii alikuja na sauti na mashairi yake, akasubiri zamu. Kijana wa Same ilimbidi kwanza apate nauli ya basi.

Programu zilipoenea zaidi, wengi walizipata kwa nakala za wizi. Nchi ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na wasanii walewale waliolalamika kwamba kazi zao zinarudufiwa mitaani walitengeneza nyimbo hizo kwa programu zilizorudufiwa vivyo hivyo. Siandiki hili kwa kuwalaumu. Bei ya leseni iliyopangwa kwa mishahara ya Ulaya iliwaachia njia mbili, kuiba au kukaa kimya. Zawadi ya bahati nasibu ilifungua njia ya tatu, ingawa nyembamba, kwa maana aliyeshinda leseni hutumia chombo chake mchana kweupe.

Basi tuipime zawadi hiyo. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwaletea Wapare kodi mpya iliyopewa jina la mbiru, neno lililotokana na ushuru wa zamani wa watawala wao. Kodi hiyo ilikuwa ya ngazi. Kila mtu alikadiriwa mali yake na kupangiwa kiwango, na makadirio yalifanywa kwa namna ambayo mlipaji hakuweza kuikagua. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka milimani wakaja Same, makao ya wilaya, kupinga, na wengi wakabaki huko wakidai kusikilizwa. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Hatimaye kodi hiyo ilifutwa. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya tukio hilo, anatuonyesha kwamba Wapare hawakukataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa, yenye kiwango kimoja kinachojulikana, waliendelea kuikubali. Walichokikataa ni mgawanyo ambao kanuni yake ilikaa kichwani mwa mkadiriaji.

Kwa kipimo hicho bahati nasibu ya sintesaiza inafaulu. Siku ya mwisho inajulikana, orodha inaonekana, na mgawaji hana nafasi ya kumpendelea mpwa wake. Hili liwafikirishe wenzetu walio katika utumishi wa umma. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro katika utoaji na urejeshaji, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha vijana wa Same kinachoomba mkopo wa vifaa vya studio kinastahili kuiona orodha na vigezo kwa uwazi usiopungua ule ambao watu wasiojuana hupeana mtandaoni.

Hata hivyo, uwazi pekee hautoshi. Bahati nasibu haijui shida ya mtu. Mwenye vinanda ishirini na asiye na hata kimoja huhesabiwa sawa, isipokuwa mwenye navyo ajitoe kwa hiari. Tena leseni nyingi za zawadi haziruhusu kuuzwa wala kugawiwa, na nyingine hazifanyi kazi mpaka kampuni izithibitishe. Kampuni ikifungwa, kinanda kinaweza kunyamaza. Mshindi amepewa haki ya kutumia, kama mpigaji wa kanisani na mwajiriwa wa bendi.

Hapa Wapare wana funzo la pili. Milima yao imejaa ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya vijito usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Ndiva na mifereji yake ilichimbwa na kutunzwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja inayowahusu wote. Anayeshiriki kusafisha mfereji ana zamu ya maji, na zamu hiyo ni haki yake, hangoji kubahatika. Katika muziki wa kompyuta, mfano wa ndiva ni MIDI, na ni programu huria kama Surge, sintesaiza ambayo mtunzi wake aliiacha wazi mwaka 2018 ili yeyote aitumie, aichunguze na kuirekebisha. Vijana kumi wa Same wanaweza kuwa nayo yote kumi leo, bila kushindana.

Kwa hiyo kijana aliyeshinda kinanda na ashukuru, akipige, na akijue vizuri. Kisha awafundishe wenzake kwa chombo ambacho wote wanaweza kukipata. Na sisi tunaosoma sera na kuzitekeleza tuhesabu, kila vifaa vinapogawiwa kwa vijana wetu, ni wangapi wamepewa kwa bahati, wangapi kwa kujuana, na wangapi kwa haki.