Kitabu cha Safari na Mikono Iliyokibeba

Mwaka 1901, katika mji wa Göttingen nchini Ujerumani, kilichapwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Safari za Wasuaheli. Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alikusanya humo habari za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe. Sleman bin Mwenye Chande anaeleza msafara wa biashara ulioingia bara na masaibu yaliyoukuta huko. Mtoro bin Mwinyi Bakari anatupitisha Udoe na Uzigua. Salim bin Abakari, Mngazija, anasimulia jinsi alivyofuatana na tajiri wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia. Siku hizi tumezoea kusoma maelezo ya Wazungu kuhusu Afrika. Humu Mswahili ndiye anayeikagua nchi ya watu wengine, na anaikagua kwa makini.

Lakini kitabu hicho kilipita mbali na watu wake. Kilitengenezwa kwa ajili ya Wajerumani waliokuwa wakijifunza lugha, na wasomaji wake wa kwanza walikuwa Berlin. Bagamoyo hakukuwa na jirani wa kumwambia jirani yake, soma hiki. Kwa maoni yangu, hapo ndipo historia ya usomaji wetu inapoeleweka vizuri. Kitabu hakiishi kwa kuchapwa tu. Kinahitaji mtu aliyekisoma, akakipenda, akamtafuta wa kumpa.

Miaka ya 1920 ilileta fursa mpya. Mwaka 1923 gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam kila mwezi, na nakala moja haikuwa ya mtu mmoja: aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Katika kipindi hichohicho Frederick Johnson, aliyekuja kuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, alitafsiri riwaya za Kiingereza kwa ajili ya shule. Mashimo ya Mfalme Sulemani ilitoka mwaka 1929. Ni riwaya ya Rider Haggard inayohusu Waingereza wanaovuka Afrika wakitafuta hazina. Vizazi kadhaa vilikua na kitabu hicho, na wazee waliokisoma shuleni bado wanakitaja kwa furaha. Nawaelewa, maana Kiswahili chake ni kitamu. Hata hivyo inaniuma kwamba msomaji Mwafrika alipewa safari ya bara lake mwenyewe kupitia macho ya mgeni, ilhali masimulizi ya akina Sleman yalikuwa yamelala kwenye rafu za Ulaya.

Shaaban Robert alitoa jibu mwaka 1951 kwa riwaya yake Kusadikika. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, nayo riwaya yenyewe ni ya kesi: Karama ameshtakiwa, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje ya nchi. Kila mjumbe aliona, akajifunza, akarudi na ushauri wa kuwafaa wananchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Tumezoea kukisoma kama kitabu cha siasa, na ni kweli ni cha siasa. Ila ukiwa na rafiki anayependa hadithi za safari na hajakigusa, mpe hicho.

Kupeana vitabu kulihitaji pia vitabu vyenyewe vifike. Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, halikuishia kuchapisha. Liliendesha pia huduma ya masanduku ya vitabu na ya kuazima kwa posta kwa wasomaji walio mbali na miji. Baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa na nchi zenyewe. Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na jengo la Maktaba Kuu ya Dar es Salaam lilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967.

Lakini vitabu vilivyosambaa kwa mikono kuliko vyote katika miaka ya 1970 na 1980 havikungoja maktaba. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, kisha Kikosi cha Kisasi, Njama na vingine, na shujaa wake Willy Gamba akawa rafiki wa kila bweni. Jasusi huyu anatua Nairobi, anatua Kinshasa, analala hotelini, anafukuzana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Kijana wa Singida au Songea ambaye hakuwahi kupanda ndege alizijua njia za miji hiyo kupitia kwake. Nakala moja ilizunguka darasa zima. Jalada lilichanika, kurasa za mwanzo zikanyofoka, na anayekuazima alikusimulia kwanza sehemu iliyopotea ili uweze kuendelea. Ulipewa usiku mmoja tu, maana wengine walikuwa wanangoja. Wahakiki waliviita vitabu hivyo riwaya pendwa na wengi wao hawakuvipa uzito. Mimi namhesabu Musiba miongoni mwa waandishi wetu wakubwa wa safari. Yeye aliwaonyesha vijana Afrika ambayo Mwafrika anasafiri ndani yake kwa kujiamini, akiwa na kazi ya heshima.

Kaskazini mashariki mwa Kenya safari iligeuka kuwa ya maktaba yenyewe. Mwaka 1996 shirika la maktaba la taifa lilianza kutumia ngamia kupeleka vitabu kwa jamii za wafugaji wa Garissa, mahali ambapo gari hukwama mchangani. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hubeba hema, na wasomaji huketi kwenye mkeka chini ya mti. Mwandishi Mmarekani Masha Hamilton aliitungia riwaya maktaba hiyo mwaka 2007.

Kisha kuna Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 inamfuata kijana Yusuf katika msafara wa mfanyabiashara Aziz kwenda bara. Wahakiki wameonyesha jinsi inavyochota kutoka masimulizi ya Waswahili wa zama za Velten, hasa ya Sleman: msafara unaingia kwa mtemi, naye anaupora mali. Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, wasomaji wengi wa Kiswahili walikuwa hawajawahi kumsoma. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Ilichukua zaidi ya miaka 120 kwa safari ya Sleman kurudi kwa Kiswahili, katika sura ya riwaya, mikononi mwa wasomaji wa pwani.

Kwa hiyo anayeniuliza aanze na nini, namjibu hivi. Mpenda mikasa apewe Kikosi cha Kisasi. Kijana anayeota kwenda Ulaya apewe Mbali na Nyumbani cha Adam Shafi, aone kijana wa Zanzibar alivyoitafuta njia hiyo kwa kuvuka nchi moja baada ya nyingine. Mwenye subira aanze na Peponi, kisha amtafute Sleman mwenyewe.