Mwelekeo wa seli za njia ya hewa

Mwelekeo wa seli za njia ya hewa ni mpangilio unaoziwezesha seli zilizotanda ndani ya pua, koo la pumzi na matawi yake kutofautisha upande wa hewa na upande wa tishu, na vilevile upande wa koromeo na upande wa mapafu. Kwa mpangilio huo, ute ulionasa vumbi na vijidudu husukumwa hadi koromeoni, ukamezwa au kutemwa.

Kazi ya kusukuma hufanywa na silia, vinyweleo hai vyenye urefu wa maikromita 6 au 7. Seli moja hubeba takriban 200 hadi 300, na kila silia hupiga zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Pigo la nguvu huusukuma ute; pigo la kurudi huinama chini ili lisiurudishe. Katika koo la pumzi ute hupanda, puani huelekea nyuma, na pande zote mbili hukutana koromeoni.

Mwelekeo wa upande wa hewa na upande wa tishu hulindwa na viungio vinavyobana seli jirani, hivyo protini za uso wa juu hazichanganyiki na za chini. Mlango wa chumvi uitwao CFTR, ambao hitilafu yake huleta ugonjwa wa sistiki faibrosisi, hukaa upande wa hewa.

Mwelekeo wa pili, ule wa kuelekea koromeo, ni wa ajabu zaidi, maana hakuna seli inayoujua peke yake. Siri yake ilianza kufumbuliwa kwa nzi wa matunda. Katika bawa lake kila seli huotesha unywele mmoja unaoelekea ncha ya bawa, na mwaka 1982 David Gubb na Antonio García-Bellido walichambua jeni ambazo zikiharibika vinyweleo hivyo hupotea njia. Jeni za ukoo huohuo zipo kwa panya na kwa binadamu. Protini za Frizzled na Dishevelled hukusanyika ukingo mmoja wa seli, na Vangl na Prickle ukingo wa pili. Frizzled ya seli moja hukabiliana na Vangl ya jirani yake, na protini ya Celsr huzishikanisha seli hizo. Kwa namna hiyo kila seli humwelekeza jirani, na utando mzima hukubaliana juu ya upande mmoja.

Ndani ya seli, makubaliano hayo hufika hadi kwenye shina la kila silia. Shina hilo lina mguu mdogo unaoelekea upande wa pigo la nguvu, na nyuzi za mikrotubuli huunganisha mashina na ukingo wa seli. Kwa panya, protini hizo za ukingoni hujipanga kabla ya kuzaliwa, hata kabla silia hazijaota. Mpangilio wa silia huendelea kunyooshwa baadaye. Ukishakamilika ni vigumu kuubadili: kipande cha utando kikikatwa na kugeuzwa, silia zake huendelea kupiga kwa mwelekeo wao wa awali.

Wingi wa silia, basi, hautoshi. Mwaka 1990 J. Rutland na R. U. de Iongh walieleza katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba silia zilizoelekea ovyo zinaweza zenyewe kusababisha maradhi ya njia ya hewa. Tofauti na hilo ni ugonjwa wa kurithi ambao silia hushindwa kupiga ipasavyo. Takriban nusu ya wagonjwa wake huzaliwa moyo ukiwa upande wa kulia na viungo vingine vya ndani vimegeuka vivyo hivyo. Mtoto anayekohoa makohozi kila siku tangu kuzaliwa, huku pua ikiziba majira yote, apelekwe kwa daktari achunguzwe silia zake. Asiachwe miaka akitibiwa mafua tu.