Kingamwili ya sungura na protini inayolinda seli

Wengi katika Afrika Mashariki waliifahamu Stratford, mashariki mwa London, mwaka 2012, pale Mkenya David Rudisha alipovunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 800 katika uwanja wa Olimpiki. Karibu na uwanja huo ndipo yalipo makao makuu ya Cancer Research UK, shirika la hisani linalogharimia utafiti wa saratani. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 2002, baada ya kuunganishwa taasisi mbili. Mojawapo, Imperial Cancer Research Fund, ilianzishwa mwaka 1902.

Katika historia ya taasisi hiyo kongwe, sungura ana nafasi yake. Sungura akidungwa protini ngeni, mwili wake hutengeneza kingamwili za aina nyingi, kila aina ikishika sehemu yake ya protini hiyo. Kingamwili hizo zikikusanywa kutoka katika damu yake, huwa kama ndoana ya kuivulia protini hiyo katika mchanganyiko wa maelfu ya nyingine.

Mwaka 1979, David Lane, akishirikiana na Lionel Crawford wa taasisi hiyo, alitumia kingamwili ya sungura kunasa protini ya SV40, kirusi cha kima kiwezacho kuzigeuza seli kuwa za saratani. Ndoana ilitoka na samaki wawili. Protini ya kirusi ilikuwa imeshikamana na nyingine, mali ya seli yenyewe. Hiyo ya pili ikaja kuitwa p53, kutokana na uzito wake uliokadiriwa kuwa daltoni 53,000. Mwaka huo huo watafiti wa Marekani na Ufaransa nao waliigundua.

Kwa takriban miaka kumi p53 ilidhaniwa kuwa mchochezi wa saratani. Sababu ni kwamba jeni zilizotumika katika majaribio mengi zilikuwa tayari zimeharibika. Ukweli ulidhihirika mwaka 1989: p53 iliyo nzima huizuia saratani. Chembe za urithi zikidhurika, husimamisha mgawanyiko wa seli hadi zitengenezwe, au huiamuru seli ife. Takriban nusu ya saratani za binadamu huwa na jeni ya p53 iliyoharibika.

Jambo hilo linaigusa Afrika moja kwa moja. Mwaka 1991, uchunguzi wa saratani za ini kutoka kusini mwa Afrika na China ulionyesha jeni hiyo ikiwa imeharibika mahali pale pale. Mshukiwa alikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Sumu hiyo ikiwa nyingi huua upesi: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafariki dunia. Ikiwa kidogo, lakini ikiliwa mwaka baada ya mwaka, huiharibu polepole jeni ya mlinzi huyo. Ndiyo maana kinga ya saratani ya ini haianzii maabara peke yake; huanzia pia ghalani, kwa mahindi yaliyokaushwa vyema kabla ya kuhifadhiwa.