Kalenda Ndiyo Inayoamua

Nchini Marekani, mtoto ambaye nyumbani kwao hakuzungumzwi Kiingereza, akitambuliwa shuleni kuwa bado anajifunza lugha hiyo, hupimwa kila mwaka: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Mpaka alama zake zitoshe, shule inawajibika kumsaidia. Wajibu huo ulipata nguvu mwaka 1974, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyohusu wanafunzi wa asili ya Kichina wa San Francisco waliokaa madarasani bila kuelewa lugha ya mwalimu. Mpaka leo wasomi wa huko wanabishania alama ngapi zinatosha.

Kwetu ubishi huo haupo, kwa sababu anayeamua ni kalenda. Ukimaliza darasa la saba katika shule ya serikali, wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili. Januari ukiingia kidato cha kwanza, unahesabiwa kuwa Kiingereza unakijua. Ninapoandika tasnifu yangu ya umahiri, swali linalonisumbua ni hili: mpaka huo uliwekwaje pale?

Wakati wa Waingereza, watoto walianza na Kiswahili madarasa ya chini, kisha Kiingereza kikachukua nafasi yake wakiwa bado shule ya msingi. Mwaka 1967 Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia hadi darasa la saba. Mpaka haukufutwa, ulisogezwa mbele. Nia ilikuwa kuusogeza tena, na somo la Siasa likatangulia kufundishwa kwa Kiswahili sekondari. Masomo mengine hayakufuata.

Mwaka 1980 iliundwa Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makwetta, mwana wa Njombe, ambayo enzi hizo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Taarifa yake ya 1982 ilipendekeza kidato cha kwanza kianze kutumia Kiswahili mwaka 1985. Mwaka 1983 Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Mwaka uliofuata Waingereza wawili, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Walikuta kwamba katika kidato cha nne, takriban mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyefikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanza. Yaani kuanza, wakati wenzake wanamaliza! Hata hivyo wakashauri Kiingereza kiendelee, na Uingereza ikafadhili mradi wa kukiimarisha.

Mimi nilivuka mpaka huo Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga, kwenye joto, mibuyu na magunia ya vitunguu kando ya barabara kuu ya Mbeya. Nyumbani Kihehe, sokoni Kiswahili. Daraja letu lilikuwa kozi ya wiki sita ya Kiingereza. Wiki ya saba tukafungua kitabu cha Baiolojia. Usanisinuru tuliokuwa tukiueleza vizuri darasa la saba ukarudi na jina geni, na binti aliyekuwa akituongoza kwenye Sayansi akanyamaza. Aliyeponyokwa na Kiswahili alivalishwa kibao shingoni, akakaa nacho hadi apatikane mwingine. Tukajifunza haraka kwamba asiyesema kitu havai kibao. Matokeo ya kidato cha pili yalipotoka, yule binti alikuwa ameshindwa. Karatasi ilimuuliza mambo mawili kwa pamoja, jani linafanyaje kazi na Kiingereza kinaandikwaje, kisha ikampa alama moja.

Wazazi wetu si wajinga wanapokitaka Kiingereza. Wanaona malori yakielekea Tunduma na Zambia, wanaona matangazo ya kazi, na mwenye msimu mzuri wa vitunguu humpeleka mwanawe shule ya Kiingereza tangu awali. Kiingereza wanachokitaka ni kile ambacho mtoto atakijua kweli. Kutamkiwa na Januari kwamba unakijua ni jambo lingine kabisa.

Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliruhusu lugha zote mbili katika ngazi zote za elimu, wengi tukadhani mpaka umeondoka. Lakini vitabu na mitihani ya sekondari vimebaki vya Kiingereza.

Wanaojua ukweli ni walimu wa kidato cha kwanza. Mwalimu anasoma sentensi kwa Kiingereza, anatazama nyuso, kisha anaanza upya: “Yaani, kwa Kiswahili...” Hapo amepima darasa zima kwa sekunde tano, akaona nani yuko tayari na nani bado, akatoa msaada papo hapo. Anafanya kazi ileile ambayo Marekani hufanywa kwa mitihani ya kila mwaka. Tofauti ni kwamba uamuzi wake hauandikwi popote, na siku ya mtihani hakuna anayemuuliza.