Dawa Ingojayo Nuru

Msomaji wa Bunia, mji ulio takriban digrii moja na nusu tu kaskazini ya Ikweta, akiisoma tarikhi ya dawa za saratani ziamshwazo kwa nuru, hana budi kuuliza swali ambalo matabibu wa Ulaya aghalabu waliliweka mwisho: mgonjwa akishatibiwa, ataweza lini kutoka juani?

Tarikhi hiyo ilianzia Munich, ambako mwanafunzi Oscar Raab alitangaza mwaka 1900 kwamba vijidudu alivyovitia katika rangi ya akridini vilikufa upesi penye mwanga, na gizani vikakawia. Na mwaka 1903 mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, akishirikiana na tabibu Jesionek, akaijaribu rangi ya eosini kwa wagonjwa wa saratani ya ngozi. Rangi hunywa nuru, nguvu yake ikaikabidhi oksijeni iliyomo mwilini, nayo oksijeni hugeuka kali, ikateketeza seli zilizo jirani yake kabisa.

Lakini dawa haibagui taa ya tabibu na jua la mchana. Mwaka 1912 tabibu Friedrich Meyer-Betz, kwa ujasiri ninaoustaajabia hadi leo, alijidunga gramu 0.2 za hematoporfirini; alipotoka juani uso na mikono ikafura vibaya, na adha hiyo ikamwandama majuma mengi. Haikuondoka hata Thomas Dougherty wa Buffalo, Marekani, alipoiendeleza Photofrin, iliyoidhinishwa Kanada mwaka 1993, kwani aliyetiwa dawa hiyo hujihadhari na jua siku 30 au zaidi. Na kwa auzaye sombe na makayabu, mwezi bila jua ni mwezi bila riziki.

Kwa hiyo, miongoni mwa wanaosaka dawa zilizo bora, namtaja kwa taadhima Tebello Nyokong, aliyezaliwa Lesotho mwaka 1951, utotoni akawa akienda shule siku moja na kuchunga kondoo siku ya pili, kisha katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, akasanifu ftalosianini, rangi za ukoo mmoja na zile za wino wa wachapaji, zinywazo sana nuru nyekundu, ambayo hupenya mwilini zaidi kuliko ya buluu.

Na ile adha ya jua imeanza kupungua: dawa nyingine ya nuru, padeliporfini, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2017 kwa saratani changa ya tezi dume, hutoka mwilini upesi hata mgonjwa akajikinga siku mbili tu. Kwa saratani za viungo vingi vingine kazi ya kumpunguzia mgonjwa hofu ya jua haijatimia, nami natamani iendelezwe na vijana waliokulia chini ya jua kama letu, mfano wa wale wanafunzi wa Kiafrika aliowalea Nyokong.